Bundu na Sombe kwa Familia ya Kijijini: Mwongozo Kamili Kuanzia Kung'oa Muhogo Hadi Kupakua

Katika vijiji vilivyo chini ya milima ya Rwenzori, wilayani Kasese nchini Uganda, chakula kinachoshibisha nyumba siku nyingi za mwaka ni bundu, yaani ugali wa unga wa muhogo, unaoliwa kwa sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa maharagwe, au kwa samaki wa Ziwa George na Ziwa Edward. Upishi wenyewe hauchukui hata nusu siku. Kinachochukua muda ni kazi inayoutangulia, nayo ndiyo ambayo wageni wa chakula hiki huifahamu kwa nusu tu: kijana aliyeanza kujitegemea, bibi arusi aliyetoka nyumba inayokula matoke na sasa anatazamwa na mama mkwe wake bila kuelezwa kitu, au baba aliyebaki na watoto wakati mkewe yuko hospitalini na mzazi. Mwongozo huu unawafuata hao kutoka shambani hadi mkekani, na hatua zake zote zinasimama juu ya kanuni moja: siku za kuloweka na kuanika muhogo hazipunguzwi, hata njaa ikibisha hodi.

Kanuni hiyo ina sababu yake. Muhogo una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikikaa ndani ya mmea mzima haionekani wala hainuki. Mzizi au jani linapopondwa au kulainika, kemikali hiyo hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, na matokeo ya mkutano huo ni sianidi, ambayo ni sumu. Habari njema ni kwamba sianidi hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 26 hivi, yaani joto la mchana wa kawaida huku bondeni, kwa hiyo chochote kinachoufungua muhogo na kuuacha upigwe na hewa husaidia kuitoa. Habari mbaya ni kwamba moto pekee hautoshi, kinyume cha wanavyoamini wengi, kwa kuwa maji yanayochemka huharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi yake, na linamarini hubaki ndani ya chakula ikisubiri tumbo. Mnamo Septemba 2017, hapa hapa Kasese, watu 98 waliugua na 2 kati yao wakafariki baada ya kula bundu ya unga uliokuwa na sianidi nyingi. Unga huo ulikuwa umepikwa kama unga mwingine wowote. Kasoro ilikuwa imetangulia jiko.

Kupanga wiki kabla ya kupanga mlo

Familia ya watu 8, watoto wakiwamo, hutumia takriban kilo 1 na robo ya unga kwa mlo mmoja. Ikila bundu mara moja kwa siku, itamaliza karibu kilo 9 kwa wiki, na kwa kuwa kilo 1 ya unga hutokana na kilo 4 au zaidi za muhogo mbichi, nyumba hiyo inahitaji kung'oa si chini ya kilo 36 kila wiki. Hesabu hii ifanywe mapema na watu wazima wote wa nyumba, kwa sababu mara nyingi anayejua ukubwa wa shamba siye anayejua ukubwa wa sufuria.

Mpango unaofaa nyumba nyingi ni kung'oa na kumenya siku ya Jumamosi, wakati watoto hawako shuleni; kuloweka jioni hiyo hiyo; kutoa kwenye maji Jumanne au Jumatano; kuanika hadi Ijumaa; na kupeleka mashineni Jumamosi inayofuata, wakati pipa linapokea mzigo mwingine. Nyumba za Wasabato, ambazo ni nyingi katika vijiji vyetu, husogeza kila kitu kwa siku moja. La muhimu ni kwamba unga unaoliwa wiki hii uwe ni wa muhogo ulioondoka majini wiki iliyopita, ili pasitokee siku ambayo watoto wamerudi kutoka shule na chakula pekee kilichopo ni muhogo ambao haujaiva majini. Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na tena kuanzia Agosti hadi Novemba, makopa, yaani vipande vya muhogo vya kukaushwa, hayakauki kwa siku tatu, hivyo akiba ya wiki mbili zaidi iwe imekwisha kuwekwa tangu kiangazi.

Kuhusu mgawanyo wa kazi, nitasema nionavyo. Kung'oa na kubeba ni kazi ya nguvu, na kumenya ni kazi ya mikono mingi. Haina maana mama afanye zote mbili huku wanaume wakisubiri sahani. Mwanamume anayelima muhogo na asiyejua muhogo huo hukaa majini siku ngapi anajua nusu tu ya kilimo chake. Watoto wa miaka 10 na kuendelea wanaweza kumenya kwa kisu kifupi wakiwa chini ya macho ya mkubwa, na wadogo zaidi wakatoa nyuzi za kati baada ya muhogo kulainika, kazi wanayoipenda kwa sababu mikono inachafuka na hakuna anayegomba.

Kuchagua na kung'oa

Kuna muhogo mtamu, unaoweza kuchemshwa na kuliwa na chai, na kuna muhogo mchungu, ambao ni wa unga tu. Ipande kwenye sehemu tofauti na uwaoneshe watoto mpaka ulipo, maana mtoto mwenye njaa hung'oa popote. Uchungu ni dalili nzuri ya sumu, lakini usiutumie kama kipimo pekee, kwa kuwa hata aina inayojulikana kuwa tamu huongeza sumu wakati wa ukame. Miti mirefu ya muhogo inayopandwa kwa kivuli uani isiguswe kabisa kwa chakula.

Mbegu za kituo cha utafiti wa kilimo cha Namulonge kama NASE 14 na NAROCASS 1 zimesambaa kwa sababu zinavumilia magonjwa. Hata hivyo, mzizi wowote ukiukata na kuona mabaka makavu ya rangi ya kahawia ndani, huo umeshikwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kata sehemu hizo na uzitupe, na kama zimeenea mzizi mzima, tupa mzizi. Ng'oa kiasi utakachomenya siku hiyo hiyo. Muhogo uliotoka ardhini huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3, ilhali ule ulio ardhini unajitunza wenyewe kwa miezi.

Kumenya na kuloweka

Menya maganda yote mawili, lile jembamba la nje lenye udongo na lile nene la ndani lenye rangi nyeupe au ya waridi, kwa sababu ganda ndiko sumu inakokaa kwa wingi. Maganda hayo mabichi yasirushwe kwa mbuzi wala nguruwe. Yaanikwe kwanza hadi yakauke, au yaende kwenye shimo la mbolea. Osha mizizi, kisha ukate vipande vya urefu wa kiganja. Kipande kirefu zaidi hulainika nje na kubaki kigumu katikati, na hicho kigumu ndicho kitakachokuja kuwa chenga za uchungu ndani ya unga.

Chombo kinachofaa ni pipa la plastiki lenye mfuniko, au jerikeni kadhaa za lita 20 zilizokatwa sehemu ya juu. Usiloweke mtoni. Maji yanayotoka kwenye muhogo hudhuru samaki na mifugo, na wanaochota chini yako ni watu kama wewe. Panga vipande, mimina maji safi hadi yavuke muhogo kwa upana wa vidole vinne, weka jiwe safi juu ili visielee, kisha ufunike. Kama una maji ya mzigo uliopita ambayo yananuka uchachu mzuri na hayana utando wa rangi, ongeza kikombe kimoja au viwili; yana chachu iliyo hai, na muhogo utaiva mapema zaidi.

Sasa ni kungoja. Huku chini, upande wa Katwe na Mpondwe ambako joto ni kali, siku 3 nzima hutosha. Kwenye miteremko ya juu, ambako usiku watu hulala na blanketi mbili, ngoja siku 4 au 5. Usihesabu tu, bali upime. Siku ya kwanza maji hubadilika rangi kidogo. Siku ya pili mapovu madogo huonekana pembeni. Halafu harufu ya uchachu inakuwa kali kiasi cha kujulikana kutoka mlangoni. Toa kipande kinene kuliko vyote kutoka chini ya pipa, kwa maana vya juu huwahi, na ukibonyeze kwa dole gumba. Kikiwa tayari, dole huzama bila kushindana, kipande kinafunguka, na uzi wa katikati unachomoka mzima kama utambi. Kikikatika kwa mlio, rudisha mfuniko na ungoje siku nyingine. Hakuna njia ya mkato hapa: maji ya moto, magadi, au kukata vipande vidogo sana havichukui nafasi ya siku hizo.

Kukamua, kuanika na kusaga

Toa vipande, ondoa nyuzi, kisha uvimege kwa mikono viwe kama makombo makubwa. Vitie kwenye gunia safi, ulaze gunia juu ya miti au mawe, na uweke uzito juu yake kwa usiku mmoja ili maji yatoke. Maji hayo yanaondoka na sehemu kubwa ya kile tunachokikimbia, kwa hiyo nyumba inayoruka hatua ya kukamua hulazimika kuanika kwa muda mrefu zaidi na hupata unga mweusi.

Asubuhi, tandaza kwenye turubai lililoinuliwa kwenye kichanja, unene usizidi upana wa kidole, na ugeuze mara tatu au nne kwa siku. Wengi bado wanaanika kando ya barabara ya lami kwa sababu lami ina joto. Ni kweli inakausha upesi, lakini pia inaongeza vumbi, kinyesi cha mbuzi na moshi wa malori yanayokwenda mpakani, na sioni faida ya kuosha muhogo mara mbili ili ukaushwe kwenye matairi. Wingu likitanda, ingiza ndani. Makopa yaliyonyeshewa huota ukungu. Ule wa rangi nyeusi, kijani au chungwa usifutwe kwa kitambaa na kuanikwa upya, bali vipande hivyo vitupwe. Makopa yaliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio na kuacha unga mweupe kama chaki vidoleni.

Kwenye mashine ya kusaga, omba yako yasagwe baada ya muhogo wa mtu mwingine, si baada ya mahindi, la sivyo bundu yako itakuwa na chenga za posho. Ukifika nyumbani, acha unga upoe ukiwa wazi kabla ya kuufunga, na gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Unga wa kununua

Ipo siku akiba itakwisha na utanunua unga sokoni, ambao hujui ulilowekwa siku ngapi, na muuzaji mara nyingi hajui pia. Kwa unga wa namna hiyo ipo njia iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia na kutumika katika vijiji vya Msumbiji na vya Kongo, ambayo haihitaji kifaa chochote. Mimina unga kwenye beseni, uusawazishe, na uweke alama ya mkaa ndani ya beseni mahali ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukirejea kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza unga huo mbichi kwenye mkeka safi au sinia pana, unene usizidi sentimita 1, na uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki kwenye unga hufanya kazi yake, na sianidi hupaa. Upike siku hiyo hiyo, kwa maana unga uliolowa haulali, na usisahau kupunguza maji ya sufuria. Njia hii inapunguza sumu mara kadhaa, lakini haiugeuzi unga wa muhogo usiolowekwa kuwa unga wa kutegemewa kila siku.

Sombe

Sombe ianze kutayarishwa kabla ya bundu, saa 5 au 6 kabla ya mlo, kwa sababu inataka muda na haikasiriki ikingoja, ilhali bundu huliwa ikiwa moto.

Chuma majani laini ya juu, yale yanayokatika kwa ukucha, beseni moja lililojaa kwa watu 8. Chuma machache kwa kila shina na uhame. Shina lililonyonyolewa lote huchelewesha mizizi. Majani machanga ni laini zaidi, lakini pia yana sumu zaidi kuliko yaliyokomaa, kwa hiyo usidanganyike na ulaini wake ukadhani yanaiva haraka. Ondoa vikonyo, osha mara mbili, na uyaache yanyauke kwa saa moja, kwa sababu jani lililonyauka haliruki kutoka kwenye kinu.

Twanga. Weka majani kwa mafungu madogo pamoja na punje chache za vitunguu saumu na majani ya kitunguu, na utwange walau dakika 10 kwa kila fungu, hadi pasionekane umbo la jani tena na rangi iwe ya kijani kibichi iliyokolea, yenye unyevu, inayoshikana kwenye mchi. Hapa ndipo kazi ya kuokoa maisha inapofanyika. Majani yaliyokatwakatwa kwa kisu na kutumbukizwa kwenye maji yanayochemka hupendeza machoni, lakini sumu yake imefungiwa ndani. Anayeona uvivu wa kutwanga apike dodo, yaani mchicha, siku hiyo. Ni mboga nzuri na haina kesi. Mashine za mkono za kusagia nyama zinazoonekana siku hizi zinafaa pia, mradi majani yapitishwe mara mbili.

Baada ya kutwanga, tandaza sombe kwenye sinia kwa saa moja au mbili mahali penye jua. Kisha itie kwenye sufuria yenye maji mengi, uchemshe kwa dakika 30 bila kufunika, na umwage maji hayo. Najua wapo wanaosema kuwa wanaomwaga maji wanamwaga utamu. Vitamini kiasi fulani hupotea, ni kweli, lakini sombe hii ni ya kuliwa na watoto mara nne kwa wiki, na mimi nachagua kumwaga.

Rudisha kwenye moto na maji mapya, safari hii moto uwe mdogo. Ongeza vitunguu maji viwili, biringanya moja au konzi ya nyanya chungu, na pilipili hoho. Kwa muda wa saa moja hivi, acha ichemke polepole na ugeuze mara kwa mara. Ikiwa laini, koroga robo kilo ya karanga zilizosagwa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu hadi zisiwe na madonge, kisha uzimimine. Karanga zichaguliwe kabla ya kusagwa: zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hubeba sumu ya ukungu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Kuanzia hapo usiondoke, kwa kuwa karanga hushika chini na harufu ya kuungua haifichiki.

Mawese, yale yanayovuka kutoka Kongo kupitia Mpondwe, huingia mwishoni, vijiko vinne vya kulia. Yaliyo mazuri yana rangi nyekundu ya chungwa na huganda kidogo asubuhi ya baridi. Usiyachome kwenye karai hadi yawe meupe kama wanavyofanya baadhi ya wapishi, kwani rangi hiyo nyekundu ndiyo vitamini inayosaidia macho ya mtoto. Kama kuna samaki wa moshi, toa miiba yote kwa subira, mega nyama yake, na uitie pamoja na mawese. Kama hakuna, kikombe cha maharagwe yaliyokwisha kuiva kinaziba pengo.

Chumvi nayo ina neno lake. Chumvi ya Ziwa Katwe ni fahari yetu na imeuzwa katika nchi hizi tangu enzi za mababu, lakini ile inayotoka moja kwa moja kwenye mabwawa haijaongezwa madini joto. Mabaki ya sianidi ya muhogo, hata yakiwa machache, huzuia mwili kutumia madini hayo vizuri, na hivyo nyumba inayokula muhogo sana ndiyo inayoyahitaji zaidi ili kujikinga na uvimbe wa tezi ya shingo. Kwa sombe na mchuzi wa kila siku, tumia chumvi ya pakiti yenye madini joto, uitie dakika za mwisho, na mkebe wake ufunikwe.

Bundu

Chemsha lita 2 na robo za maji kwenye sufuria nzito kwa kilo 1 na robo ya unga uliochekechwa. Maji yachemke kweli kweli. Chota vikombe viwili vya maji hayo na uviweke pembeni. Utavihitaji, na maji baridi hayafai kwa kurekebisha bundu.

Mimina unga wote katikati ya sufuria kwa mkupuo, uuache ukae kama kilima, na maji yachemke pembeni na kuupenya kwa dakika mbili. Kisha epua sufuria, uiweke chini mahali palipo imara, mtu wa pili aishike kwa vitambaa, nawe usonge kwa mwiko mrefu kwa mikono miwili, ukivuta kutoka pembeni kuja katikati na kukandamiza madonge kwenye ukuta wa sufuria. Dakika mbili za kwanza bundu huonekana imeharibika: sehemu nyingine ni unga mkavu, nyingine ni gundi. Usiongeze unga. Endelea kusonga, ongeza maji yale ya moto kidogo kidogo mahali penye ukavu, na itaungana.

Irudishe kwenye moto mdogo kwa dakika 4 au 5, ukiigeuza ili upande wa juu uende chini. Bundu iliyoiva hubadilika kutoka nyeupe ya unga kuwa na mng'ao, hata hukaribia kuonesha mwanga ukingoni, huvutika bila kukatika, na mwiko ukiinuliwa huja nayo yote. Mbichi huacha ladha ya unga kwenye ufizi na kushika meno. Ikiwa laini mno, iache kwenye moto mdogo ikiwa wazi na uisonge. Ikiwa ngumu, funika na vijiko vichache vya maji ya moto kwa dakika mbili, halafu songa tena. Wanaoona bundu ya muhogo mtupu inavutika kupita kiasi huchanganya sehemu moja ya unga wa mtama au wa mahindi kwa sehemu tatu za muhogo, na tumbo pia hushukuru.

Lowesha bakuli au kibuyu kwa maji, tia bundu, tikisa hadi iwe duara, na uipindue kwenye sahani. Kama kuna anayechelewa kurudi, ifunge kwenye jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika, uiweke kwenye kikapu chenye kitambaa. Isifungwe ya moto kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, hata kama jirani anafanya hivyo.

Kupakua

Bundu hushibisha upesi na ina protini kidogo sana. Mtoto wa miaka mitatu anayekula kwenye sinia moja na kaka zake hujaza tumbo kwa tonge huku samaki wakiishia upande wa pili, na hakuna anayegundua, kwa sababu ameshiba kweli. Kwa hiyo, watoto walio chini ya miaka mitano wapewe sahani yao, mboga na samaki viwekwe kwanza, kisha tonge, na mtu mzima au dada mkubwa akae nao hadi mboga iishe. Mama mjamzito na anayenyonyesha wapakuliwe mboga kabla ya wageni. Wazee wa nyumba watakuwa na maoni yao kuhusu hilo. Waelezwe kwa heshima, na bibi akikubali, mjadala umekwisha.

Protini si suala la afya ya jumla tu. Mwili huitumia kuivunja sianidi iliyobaki kwenye chakula, na ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ya watoto na wanawake kiasi cha kutoweza tena kutembea vizuri maisha yao yote, huonekana pale ambapo muhogo mchungu haukulowekwa vya kutosha na pembeni yake hakukuwa na maharagwe, mukene (dagaa), karanga wala samaki. Konzi ya mukene kavu iliyosafishwa kichwa na kusagwa pamoja na karanga ni njia rahisi ya kuiweka protini hiyo kwenye sombe bila mtoto kuchagua.

Bundu iliyobaki haipashwi vizuri siku ya pili, huwa ngumu. Kata vipande na uvitumbukize kwenye mchuzi wa maharagwe unaochemka. Sombe, kwa upande wake, ikichemshwa tena asubuhi hadi itoe mapovu, huwa tamu kuliko jana.

Mtu akiugua baada ya kula

Dalili za sianidi huanza ndani ya saa chache: kutapika, maumivu ya tumbo, kuhara, kichwa kuuma, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na mwili kuishiwa nguvu. Watoto huzidiwa kwanza. Waliokula sufuria moja wakianza kuugua pamoja, msingoje kukuche wala msihangaike na maziwa na mafuta ya kutapisha. Chukueni boda boda au gari lolote hadi kituo cha afya kilicho karibu, na mseme wazi kwamba mlikula muhogo, wa aina gani, saa ngapi, na nani mwingine alikula. Unga uliobaki ufungwe kwenye chombo kikavu, uandikwe tarehe na mahali ulikonunuliwa, na upelekwe pamoja na mgonjwa au ukabidhiwe mhudumu wa afya wa kijiji. Usimwagwe uani, kwa maana kuku wataula, na usirudishwe kwa muuzaji kabla wahusika hawajauona, kwa sababu huenda kesho ukauzwa kwa nyumba nyingine.